Kadirio, Kadari na Nyumba ya Mawe

Neno bajeti tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililitwaa kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilimaanisha kifuko cha ngozi. Sisi nasi husema "mfuko" tukikusudia fedha zilizotengwa kwa jambo fulani. Lakini mfuko hutuambia kilichomo. Makadirio hutuambia kitakachotoka. Tofauti hiyo niliionja nilipostaafu ualimu na kukabidhiwa daftari la kuikarabati nyumba ya marehemu baba yetu, Mji Mkongwe, Unguja.

Tulikuwa ndugu wanne na shilingi milioni 120. Mdogo wetu wa mwisho alitaka tuiuze, tugawane. Dada yetu aliyeko Muscat, mchangiaji mkubwa kuliko sote, alitaka nyumba ya fahari: sakafu ya marumaru, viyoyozi kila chumba, jiko la kisasa. "Kaka," aliniambia kwa simu, "nataka mgeni akiingia ajue watoto wa mzee hawakulala." Sikumlaumu. Fahari nayo ni namna ya kumkumbuka mzazi.

Nikaandika mafungu matano. Paa na boriti, milioni 40. Kuta na chokaa, 30. Maji safi, majitaka na umeme, 20. Milango, sakafu na mapambo, 10. Dharura, 20. Dada aliposoma alighadhibika: fahari ndiyo iliyopewa fungu dogo kuliko yote!

Nikamweleza kwa lugha ya mafundi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji kwa kuwa hukauka upesi, unyevu hufungiwa ndani, nao ukuta hudhoofika kimyakimya. Marumaru juu ya boriti iliyooza si pambo, ni mzigo. Sote tulikuwa tumeshuhudia Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, ikiporomoka katikati ya ukarabati, na roho za watu zikapotea. Dada alinyamaza, kisha akasema, "Basi anza na boriti."

Bishano lililobaki lilikuwa la dharura. Mdogo wetu aliuliza kwa nini tutenge milioni 20 kwa jambo lisilo na jina. Nilimjibu kwa sarufi, maana ndiyo silaha niliyo nayo. Kadiri, kadirio, kudura na kadari ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwenye kukadiria hupima hadi upeo wa macho yake. Kinachozidi hapo ni cha kadari, nacho hakina budi kutengewa fungu.

Mwezi wa pili fundi alibandua lipu karibu na ngazi, akakuta boriti tisa zimekuwa unga. Kazi ile ilikula milioni 13. Hatukukopa, wala hapakuitishwa kikao cha lawama.

Marumaru haikuwekwa. Dada alipokuja likizo aliupapasa ukuta wa chokaa, akavitazama vidaka vya sebuleni vilivyofufuliwa, kisha akauliza dharura imebakiwa na ngapi. "Milioni saba," nikamwambia. "Ziache papo hapo, kaka." Mdogo wetu angali akisema tungeuza, lakini ufunguo wa mlango mkubwa anao yeye, na hataki kuurudisha.

Limebaki swali moja, nami nalileta kwenu. Dharura ni neno la Kiarabu, na akiba vilevile. Wenzangu wa Lamu, Pate na Mombasa, wazee wenu waliojenga kwa mawe na chokaa waliliitaje fungu la jambo lisilojulikana?