Chambo cha Mto Athi

Nalipata elimu yangu ya uvuvi wa bahari mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki, ukingoni mwa mto Athi upande wa Kibwezi, Makueni, ng'ambo ikiwa ni Ikutha ya Kitui. Na ijapokuwa wavuvi wa pwani waliokuja kuwa wenzangu kazini walilicheka dai hilo, sijaliacha hata leo. Maji ya Athi wakati wa mvua hujaa udongo wa mashamba yetu, na kambare aishiye humo hana haja ya macho: hunusa, na kupapasa kwa ndevu zake. Basi sisi wachungaji hatukutafuta chambo cha kupendeza, bali kinachonuka. Tulisonga sima ngumu ya mtama, tukaikanda kwa damu ya mbuzi, tukaifunga kitambaani pamoja na utumbo wa kuku uliolala juani, na mamba wakitupa nafasi tulitega. Mama zetu walitukataza kushika chombo chochote cha nyumbani kwa mikono ile, na haki ilikuwa yao.

Riziki iliponipeleka pwani, nikawa baharia katika mashua ya mzee mmoja wa Mambrui, nalikuta watu wenye maarifa mengi kuliko yangu. Walijua kutia mwani katika dema kwa ajili ya tafi, na kumkata ngisi vipande vyembamba vya kuchezacheza ndoanani hata changu akadhani vi hai. Lakini hayo ni ya maji safi. Mto ule ule wa kwetu, ukiisha kuitwa Galana, kisha Sabaki, humwagika baharini kaskazini ya Malindi, na mvua za Novemba za Ukambani huigeuza bahari ya pale rangi ya chai ya maziwa. Ngisi mzuri namna gani atamfaa nani humo?

Ndipo nikatwaa machicha ya nazi, nikayaponda pamoja na dagaa waliochacha na vichwa vya kamba, nikatia mchanga ili yazame, nikayajaza katika gunia lenye matundu na kulifunga karibu na nanga.

"Ewe Mkamba," akauliza nahodha, pua ameiziba, "hiki ni chambo au ni uchawi?"

"Mzee," nikamjibu, "tungoje maji yapwe, yatatupelekea salamu."

Mafuta yakatanda mkondoni, na hongwe wakaja wakiyafuata, hata kazi ikawa kuwachomoa ndoana kwa hadhari, maana mwiba wa hongwe una meno na sumu pia.

Wako waliotaka njia fupi zaidi, wakaponda utupa na kuumimina katika vidimbwi vya mwambani. Utupa huua mkubwa na mchanga pamoja, sheria ya Kenya huukataza, na mwenye kuutumia mimi simwiti mvuvi.

Sasa nimerejea Kibwezi, na vijana huniuliza habari za mkunga, azaliwaye baharini kisha akaupanda mto hadi kwetu. Huwaambia wamtege usiku, chini ya mwamba uliochimbika, kwa utumbo wa kuku. Ama wenzao wa juu ya Thwake, ambako bwawa lilianza kujengwa mwaka 2018, nasaha yangu kwao ni haba, kwani ukuta wa mita 80 haushawishiki kwa chambo.