Giza Chini ya Gati

Miguu ya gati la Homa Bay haionekani mahali inapokanyaga. Nguzo inashuka kutoka juu, inagusa maji, na baada ya kina cha mkono mmoja au miwili inamezwa na ukijani mzito kama mchuzi wa mrenda. Wala mahali penyewe si pa kina. Homa Bay imekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam, chini ya kilima cha Asego, na sehemu kubwa ya ghuba hiyo sakafu yake iko mita chache tu kutoka juu. Ziwa Viktoria lenyewe, pamoja na upana wake wote, halishuki zaidi ya mita 80 hivi. Kwa hiyo giza lililo chini ya gati si giza la kilindi. Ni giza la maji mafupi, ambayo jua la ikweta lingepaswa kuyapenya hadi kwenye tope. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba giza hilo lina umri na lina sababu, na kwamba lilituingilia bila shahidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumelitazama ziwa kwa juu, tukihesabu meli, samaki na magugu, bila kujijengea desturi ya kushuka kutazama. Hasara kubwa kuliko zote za ziwa hili ilitokea mita chache chini ya nyayo za abiria waliokuwa wakisubiri meli.

Kumbukumbu ya magati ya pande hizi ni kumbukumbu ya meli. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, ziwa likawa barabara. Zikaja Winifred na Sybil, kisha Clement Hill mwaka 1907, zikiletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuungwa huku huku. Kendu Bay, Homa Bay na Karungu yakawa majina ya bandari. Karungu, ambayo leo iko Kaunti ya Migori, ilifikia hata kuwa uwanja wa vita, kwani Septemba 1914 meli za Waingereza na Wajerumani zilikabiliana hapo. Baada ya uhuru ikaja MV Uhuru, mwaka 1966, iliyobeba mabehewa ya reli. Wanaokumbuka enzi hizo hukumbuka honi ya meli, magunia ya pamba, kuku ndani ya matenga na jamaa waliokuja kupokea jamaa. Kisha usafiri ukahamia barabarani, shirika la reli likadhoofika, meli zikaadimika. Yote hayo ni kweli na yanastahili kukumbukwa, lakini hakuna hata moja lililo chini ya maji.

Ushahidi wa yaliyokuwa chini inabidi tuutafute kwingine, na upo. Mwaka 1927 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alikuja kuchunguza kwa nini ngege walikuwa wakipungua nyavuni. Uangavu wa maji ulipimwa wakati huo kwa njia ambayo hutumika hadi leo: sahani nyeupe inafungwa kamba, inashushwa taratibu, na kina inapopotea machoni kinaandikwa. Kwenye ziwa la wazi sahani hiyo ilionekana ikiwa mita kadhaa chini. Kufikia miaka ya 1990 kina hicho kilikuwa kimepungua mno ziwani kote, na ndani ya Ghuba ya Winam sahani mara nyingi hupotea kabla ya kutimia mita moja. Tope nalo limetoa ushuhuda wake. Watafiti waliochimbua tope la sakafu ya ziwa na kusoma tabaka zake, moja baada ya nyingine, waligundua kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na watu kuongezeka, misitu kufyekwa na mashamba kupanuka katika nchi zinazomwaga maji yake humu. Udongo unaosombwa na mvua huja na fosforasi, fosforasi hulisha mwani, na mwani huzuia mwanga. Mwani ukifa huzama ukaoza, na kuoza kwake hula oksijeni ya chini. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo inayoonekana na mtu aliyesimama gatini.

Waliokuwa wakiishi katika mwanga huo ni fulu, samaki wadogo wanaoweza kulala kiganjani, ambao wataalamu wanahesabu kuwa walikuwa zaidi ya spishi 500 katika ziwa hili. Spishi hizo zote zilichipuka ndani ya muda ambao kwa hesabu za dunia ni kama jana, takriban miaka 15,000 tangu ziwa lijae tena baada ya kukauka. Walikuwepo walao mwani, walao konokono, walao mayai ya wenzao, na waliojificha kwenye nyufa za mawe, mahali panapofanana sana na msingi wa gati. Kilichotenganisha spishi moja na jirani yake mara nyingi kilikuwa rangi. Dume alivaa buluu, nyekundu au manjano, na jike alimchagua kwa jicho. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji yakishafifia, rangi hazitofautishwi tena, majike hukosea, na spishi mbili zilizokaa pamoja bila kuchanganyika huanza kuyeyuka zikawa moja. Sijui habari ya kisayansi kuhusu ziwa letu inayouma kuliko hiyo. Samaki hao hawakuhitaji kuvuliwa ili watoweke. Ilitosha kwamba hawakuonana.

Msomaji wa Mbita au Muhuru atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema fulu waliliwa na mbuta. Sangara, ambaye Waluo wanamwita mbuta, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amejaa upande wa Kenya, na fulu wakaporomoka. Sikatai, na wala sitamlaani mbuta kana kwamba hakujenga nyumba wala kusomesha watoto katika kaunti za Homa Bay na Migori. Lakini maelezo hayo yakiachwa peke yake yana mapengo mawili. Kwanza, tope linaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka miongo kadhaa kabla mbuta hajatapakaa. Pili, uvuvi ulipompunguza mbuta baadhi ya fulu walirudi kwa wingi, ila aina nyingi hazikurudi nao. Mla samaki anaeleza kifo. Haelezi kwa nini ufufuo ulikuja pungufu. Ndege mmoja alilijua badiliko hili mapema kuliko ofisi nyingi. Mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayetua kwenye vigingi vya gati, huwinda kwa jicho, na utafiti uliofanywa Ghuba ya Mwanza ulionyesha kwamba fulu walipoisha alihamia kwenye dagaa, ambao huku ni omena, ikambidi avue samaki wengi zaidi ili ashibe. Kwake uchunguzi wa maji ulikuwa kazi ya kila asubuhi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ghuba ya Winam ni ya maji mafupi, inapokea mito kama Nyando na Sondu-Miriu, na upepo wa alasiri hulivuruga tope lake. Kwa hiyo, wanasema, haijawahi kuwa angavu kama ziwa la wazi. Hilo nalikubali kabisa, na ndiyo maana Migori ni muhimu katika hoja hii. Pwani ya Migori, kuanzia Karungu hadi Muhuru, haikufungiwa ndani ya ghuba. Inatazama ziwa pana, mawimbi yake hubadilisha maji, na maji hayo huwa angavu kuliko ya Homa Bay. Magati ya ghubani na mialo ya Muhuru yakilinganishwa yanatuonyesha ni kiasi gani cha giza kinatokana na umbo la nchi na ni kiasi gani kinatokana na mikono yetu. Mfano wa mikono yetu uko Mbita. Miaka ya 1980 mlango mwembamba kati ya Mbita na Kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara, na maji yaliyokuwa yakipita kati ya ghuba na ziwa la wazi yakakosa njia hiyo. Ilichukua miongo mitatu hivi kabla daraja halijajengwa na njia kufunguliwa tena. Uamuzi wa kuziba ulifanywa juu ya ardhi, kwa sababu za ardhini, na sababu hizo zilikuwa njema: watu wa Rusinga walihitaji barabara. Muhuru nako hakuna salama ya kudumu. Mto Kuja, ukishaungana na Mto Migori, huingia ziwani Nyatike ukiwa umepita katika nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wachimbaji hao hutumia zebaki. Zebaki haitii maji rangi. Uangavu peke yake hautoshi kuwa kipimo cha usalama, na anayeshuka na chupa ya kuchotea tope atajua zaidi ya anayetazama tu.

Kuhusu gugumaji nitasema machache, kwa kuwa limeandikwa sana. Lilienea upande wa Kenya katika miaka ya 1990, likaletewa wadudu wa kulitafuna, likapungua, na bado linarudi. Limepata umaarufu kwa sababu linaelea. Linafunga gati, linazuia mashua, kamera zinalipenda. Chakula chake ni kile kile kinacholisha mwani, na mwani haujawahi kupata hata nusu ya hasira tuliyolimwagia gugu.

Sasa, kwa nini nadai kuwe na wapiga mbizi chini ya magati, wenye mitungi ya hewa, badala ya kuridhika na vipimo vya mashuani? Kwa sababu kazi ya kuzamia tayari ipo, ila tunaikumbuka siku ya msiba tu. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Mara zote mbili mahali palikuwa karibu na nchi kavu. Mwenye ujuzi wa kushuka chini ya gati kila mwezi, kupima, kuhesabu konokono na samaki na kupiga picha nguzo ile ile, ndiye atakayekuwa karibu siku ya ajali.

Pingamizi hapa ni za kweli na sitazipunguza. Kuna kichocho, na fuo za Mbita na visiwa vyake zimekuwa kati ya zilizoathirika sana nchini. Kuna viboko na mamba. Ndani ya ghuba mpiga mbizi atafanya kazi kwa kupapasa, akishikilia kamba. Vilevile ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 13, kwa hiyo majedwali ya kupanda juu yanayotumika baharini Watamu au Diani hayafai yalivyo. Lakini kila moja ina jibu. Chini ya gati lenye mita tatu au tano, hatari ya naitrojeni mwilini ni ndogo, mradi mtu amefunzwa na asipande kwa pupa huku amebana pumzi. Vazi la mwili mzima hupunguza mguso wa maji, na kichocho kina dawa inayojulikana. Tukumbuke pia kwamba wachota maji, wafua nguo na wavuta nyavu huingia ziwani kila siku bila vazi lolote, na hatujawahi kuwaambia kwamba kazi yao ni anasa ya watalii. Kuhusu giza, mpiga mbizi anayerudi na kuandika kwamba hakuona kiganja chake ameleta kipimo tunachokihitaji. Katika ufugaji wa samaki wa vizimba, ulioenea ziwani katika miaka ya karibuni, kuzamia kukagua nyavu ni sehemu ya kazi. Na samaki wamewahi kufa kwa wingi vizimbani kwa kukosa oksijeni, hasara ambayo mfugaji huiona ikiwa tayari imeelea.

Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka alama ya mwaka 1964, likafunika fuo na kuwahamisha watu. Baada ya hapo tumejadili jinsi ya kuinua sakafu za magati. Ziinuliwe. Lakini kamati za usimamizi wa fuo zipo kisheria, kaunti zina idara za uvuvi, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo Kisumu. Nawaomba hawa watatu wakae pamoja wafunze vijana wawili kwa kila mahali: Kendu Bay, Homa Bay, Mbita, Karungu na Muhuru. Sahani nyeupe na kamba yenye alama havina gharama ya kutisha, mitungi inaweza kutumiwa kwa zamu, na daftari likae gatini ambapo mvuvi yeyote atalisoma. Ukurasa wake wa kwanza uandikwe kabla ya masika yajayo.