Niliwaita Wezi

Niliwaita wezi watu waliokuwa wanauliza swali la haki. Nilifanya hivyo mchana kweupe, kwenye mkutano wa hadhara hapa Kitangari, wilayani Newala, nikiwa mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika na mwalimu mstaafu. Wengi wa waliokaa pale nimewafundisha kusoma. Ualimu ndio ulioyapa maneno yangu nguvu kuliko ujumbe wa bodi, maana kwetu mtu hambishii mwalimu wake hadharani.

Hoja ilikuwa kamera. Msimu uliotangulia magunia ya korosho yalikuwa yamepungua ghalani. Korosho ikishapimwa na mkulima akapewa stakabadhi, inalala pale kusubiri gari la kwenda ghala kuu, kisha mnada, kisha ndipo fedha ziingie benki. Gunia likipotea hapo katikati, ni jasho la mtu limepotea. Bodi ikakubaliana na polisi kwamba kamera ifungwe na picha zionekane kituoni kwao pia. Tukaitisha mkutano kuwapa wananchi taarifa. Kuwauliza hakukuwa kwenye ajenda.

Walikataa. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, mlinzi wa ghala namjua. Akinitazama vibaya nitamfuata nimwulize. Huyo wa juu ya nguzo nitamwuliza nani?" Mama mmoja akataka kujua kamera itaelekea wapi, kwa sababu ua wake uko ng'ambo tu ya barabara. Vijana wakauliza picha zitatunzwa muda gani na nani ataruhusiwa kuzitazama. Wote niliwajibu kwa pamoja: kama huna hatia, unaogopa nini? Kisha nikaongeza kwamba anayeikataa kamera sote tunajua anaficha nini. Watu wakanyamaza. Kwenye muhtasari tukaandika kwamba mkutano umeridhia.

Kinachonisuta ni kwamba nilijua wanaogopa nini. Hakuna mtu mzima wa Newala asiyeijua kangomba. Mnada wa kwanza bado, mtoto anaumwa au anadaiwa sare, mkulima anabeba kilo zake chache jioni anampelekea mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei ya kuumiza. Ni kinyume cha taratibu, na mnunuzi wa namna hiyo ni mnyonyaji, silifichi hilo. Lakini yule anayeuza anauza mali yake, aliyoipalilia na kuiokota mwenyewe. Mimi nilimweka kapu moja na aliyebeba gunia la watu usiku.

Tena sisi tulikwisha kuonja kushukiwa. Msimu wa 2018/2019 wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizigomea. Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuisomba. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alipaswa kuhakikiwa kwanza, shamba lionekane, ijulikane kwamba si mtu wa kangomba. Wapo waliokaa miezi wakisubiri malipo ya korosho iliyokwisha kuondoka. Tangu hapo mkulima wa huku akiulizwa "hii umeitoa wapi?" moyo unamruka hata kama mikorosho yake inaonekana pale alipo.

Na lipo jambo la mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Ndugu zetu wa damu wako Mueda na vijiji vya ng'ambo, na tangu vita vya Cabo Delgado vianze, hasa baada ya shambulio la Oktoba 2020 katika kijiji cha Kitaya, upande wetu, mgeni mwenye lafudhi ya kule hutazamwa mara mbili. Sisemi tahadhari haikuwa na sababu. Watu waliuawa Kitaya. Lakini mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema zaidi ya watu 9,600 waliokuwa wamekimbilia kwetu walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Yule mzee aliyevua kofia ana wajukuu ng'ambo. Aliposema "nitamwuliza nani?" alikuwa na nyuso zao kichwani, nami nikamsikia kama mtu anayetetea wezi wa magunia.

Siku ya kufunga kamera, nilikuwepo. Fundi alipowasha skrini, mlango wa ghala ulionekana kwenye kona ya kushoto, hauzidi robo ya picha. Sehemu iliyobaki ilikuwa barabara, mwembe, duka, na ua wa yule mama: kamba ya nguo, kinu kimelazwa, na bafu la makuti lisilo na paa. Niliona. Fundi alikuwa amekwisha kushuka ngazi, anakunja nyaya, anangoja fedha yake. Nikasema mambo yako sawa.

Msimu ulipofunguliwa, askari walimchukua mama wa kitongoji jirani. Kwenye picha alionekana akiingia pale dukani jioni na ndoo kichwani, akatoka mikono mitupu. Ndoo ilikuwa na korosho. Alilala kituoni usiku mmoja, akaachiwa. Magunia yetu hayakuonekana, na picha zile hazijamkamata mwizi hata mmoja wa ghala. Nilipokwenda kumpa pole hakunigombeza. Alinikaribisha kiti, akasema, "Mwalimu, ulisema mtaangalia mlango."

Nimejaribu kusoma baadaye nilichopaswa kusoma mwanzo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu iliyotajwa, na mwenyewe ajulishwe. Ina vighairi vyake kwa upelelezi wa makosa, lakini sisi wa bodi hatukuwahi hata kuifungua. Maswali ya vijana wale, ambao wengine hawakumaliza kidato cha nne, yalikuwa karibu na sheria kuliko majibu yangu.

Haya hayajatokea kwetu tu. Kampala ilijazwa kamera baada ya mauaji ya ofisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017, wananchi wakiambiwa ni za kuwanasa wauaji. Novemba 2020, baada ya ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, polisi walisema wamezitumia kuwasaka walioandamana. Uingereza, mwaka 2010, wakazi wa Sparkbrook na Washwood Heath mjini Birmingham, wengi wao Waislamu, waligundua kwamba kamera zaidi ya 200 walizoambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida zilikuwa zimelipiwa na fedha za kupambana na ugaidi. Walipinga kwa nguvu. Mkuu wa polisi wa eneo lile aliomba radhi, na mwaka uliofuata kamera ziling'olewa. Nimelisoma hilo la Birmingham mara kadhaa. Mimi nilikuwa na mlango mmoja na kamera moja iliyokaa upande, na nilishindwa kusema "tumekosea, ishusheni."

Nimeiandikia bodi. Naomba kamera igeuzwe ielekee mlango peke yake, skrini ya kituoni iondolewe, na liwepo daftari ghalani la kuandika kila anayetazama picha, kwa jina, tarehe na sababu, mwanachama yeyote akitaka kulisoma alisome. Naomba pia muhtasari ule usahihishwe, uandikwe kwamba mkutano ulikataa. Wenzangu wawili wananiona nimegeuka. Wanasema wizi utarudi, na huenda wana haki ya kuhofia hivyo. Bado nataka ghala lilindwe, na nimependekeza tuongeze mlinzi wa pili, mtu wa hapa, anayejulikana kwa jina.

Barua haijajibiwa. Mkutano mkuu wa kabla ya msimu unakaribia, na nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kwanza ya kuzungumza, kabla ya taarifa ya mapato. Mama wa ndoo nimekwenda kumwambia nitakachosema, nikamwuliza kama ataridhia nilitaje jambo lake bila jina. Amesema atafikiri. Asiporidhia, nitasema yangu tu: kwamba walikuwa sahihi, na kwamba niliyemwita mwizi si mwizi.