Picha Iliyokuwa Kwenye Droo

Kaka yangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza, sauti umeishusha kama mtu anayeogopa watoto wasimsikie, kama ni kweli huku Ayalandi mwanamume anaoa mwanamume mwenzake na majirani wanahudhuria. Ni kweli. Nilishindwa kukujibu palepale kwa sababu nyumbani mnadhani watu wa huku walizaliwa hivi. Hawakuzaliwa hivi.

Basi ninalopanda kwenda kazini hapa Dublin hupita kando ya bustani ya Fairview. Septemba 1982 genge la vijana lilimpiga humo Declan Flynn mpaka akafa, kwa kumdhania shoga. Mwaka uliofuata mahakama iliwapa vifungo vya nje, wakarudi kwao. Ndipo watu wakaandamana hadi bustanini, wengine kwa mara ya kwanza wakionyesha nyuso zao mchana.

Sheria iliyoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume ilikuwa ya Mwingereza, ya mwaka 1861. Seneta David Norris aliishinda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1988, lakini ilichukua hadi 1993 kuondolewa. Kaka, sheria hiyo ni ndugu wa kifungu cha 162 cha sheria yetu ya adhabu huko Kenya, chenye miaka 14 jela. Mkono ni uleule. Waayalandi waliufuta urithi huo, sisi Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuufuta mwaka 2019, na leo tunauita utamaduni wa mababu. Jambo hilo linaniuma.

Lakini sheria peke yake haibadilishi moyo wa mtu. Wazazi ndio walioanza kusema. Mary McAleese, rais mstaafu na Mkatoliki wa kweli, alizungumza hadharani juu ya mwanawe. Mama wa kawaida, asiye maarufu, alibisha hodi mlango kwa mlango akisema, huyu ni binti yangu. Anayebishiwa hodi anamjua mama huyo, walisali pamoja Jumapili. Utamkatalia vipi usoni?

Ijumaa ya tarehe 22 Mei 2015 Waayalandi walipiga kura ya maoni kuhusu ndoa za jinsia moja. Vijana waliohamia nje walirudi kwa meli na ndege ili tu wapige kura. Mimi si raia, sikuwa na kura, ila nilikuwa na kazi. Bibi ninayemtunza aliniamsha mapema, akataka koti lake la kanisani na viatu vipigwe rangi. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi shule ya msingi ya mtaani. Alipotoka, rozari ilikuwa bado imemzunguka kiganja. Njiani akanieleza kwamba kaka yake alikwenda London akiwa kijana, hakurudi hata kumzika mama yao, na kwamba nyumba nzima ilijua sababu, hakuna aliyeitamka. Alifia kulekule. Kuanzia hapo Bibi hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Kesho yake, matokeo yalipotangazwa, asilimia 62 walisema ndiyo. Ayalandi ikawa nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa hizo kwa kura ya wananchi wote. Bibi akanituma droo ya chini. Kulikuwa na picha ya kijana mwembamba mwenye tai, kioo kimeingia vumbi. Nikaipangusa kwa kanga yangu, nikaiweka ukutani karibu na picha ya wazazi wao.

Sikudanganyi kwamba chuki imekwisha. Aprili 2022 wanaume wawili waliuawa kule Sligo kwa sababu hiyohiyo. Ila siku zile nchi nzima iliomboleza, watu wakakusanyika barabarani na mishumaa, na muuaji akafungwa maisha. Linganisha na Fairview.

Sasa nikuulize na mimi. Mtoto wa Shangazi, yule aliyetupikia wali wa nazi siku ya arobaini ya Babu, mbona simwoni tena kwenye picha za harusi mnazonitumia? Ninajua mlichomwita, na ninajua alilala wapi usiku ule alipofungiwa mlango. Simu yake ninayo. Huniuliza habari za Shangazi kila Ijumaa, magoti yake, dawa zake, kama paa limezibwa. Anayeuliza hivyo si mgeni wa nyumba ile. Shangazi akikubali nimpe namba, niambie, hata iwe usiku wa manane kwenu.

Dada yako