Gari la Mama Zawadi

Wazee wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Kwa muda mrefu niliitumia methali hii darasani kuwakemea wanafunzi waliogombea madawati yaliyo karibu na dirisha. Siku hizi naitumia kwa hadhari, maana nimejifunza kwamba haimhusu mtu anayemchagulia mwenziwe jembe. Mtu huyo hana budi kuchagua, tena kwa makini, kwa kuwa malengelenge hayatatoka katika kiganja chake. Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyomchagulia mke wangu gari, na jinsi nilivyokosea mara mbili kabla ya kupata. Huenda leo huna haja ya gari, wala fedha za kulinunulia. Lakini ipo siku utamchagulia kitu mtu umpendaye, na siku hiyo yamkini utayakumbuka maneno haya.

Mimi ni mwalimu, na makao yangu ni Voi, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, yapata kilomita 150 kutoka bandarini. Kila siku malori marefu hupita mjini petu yakiwa yamebeba magari yaliyoshushwa melini kutoka Japani, mengine juu ya mengine. Mke wangu ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho nje ya mji, kwenye barabara ya udongo mwekundu. Kwa miaka sita alikwenda kazini kwa bodaboda, mchana na usiku. Usiku mmoja wa masika, mwaka 2023, pikipiki iliteleza ikawaangusha yeye na dereva mtaroni. Alirudi nyumbani akichechemea, sare yake imechanika gotini. Aliketi jikoni akaosha kidonda chake mwenyewe, kwa utulivu ule ule aoshao vidonda vya wagonjwa wake. Hakulia. Alisema tu, "Baba Zawadi, safari nyingine huenda nisiinuke."

Usiku ule sikulala. Tulikuwa na akiba kidogo katika chama cha akiba na mikopo, na tulipopambazukiwa tulikubaliana kukopa, deni tulilipe nusu kwa nusu kwa muda wa miaka minne. Mimi nikajitwika kazi ya kutafuta gari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kosa la kialimu. Nilichukua daftari nikachora jedwali: bei, ulaji wa petroli, upatikanaji wa vipuri, ukubwa wa buti. Kila gari nililipa alama. Mshindi alikuwa gari moja zito, la rangi ya majivu, lenye injini ya kiasi na mwendo wa kobe. Nilimwonyesha mke wangu kwa fahari. Alilitazama jedwali, kisha akasema, "Ni gari zuri. Lakini naomba lisiwe la kunitia usingizi. Nataka gari lenye uhai."

Nilicheka. Nilimwuliza kama alitaka kwenda kushindana katika mbio za Safari. Hakujibu, akarudi kwenye vyombo vyake. Baada ya kimya kirefu ndipo aliponieleza jambo ambalo katika miaka tisa ya ndoa yetu sikuwahi kuliuliza. Yeye ni mzaliwa wa Kajiado. Alipokuwa mtoto, baba yake alimshika mkono wakaenda kusimama kando ya njia ya vumbi kuyatazama magari ya Safari yakipita. Aliyaona yakija kwa mbali kama moshi, yakapita kwa kishindo, na vumbi likawafunika wote wawili. Tangu siku hiyo alitamani kushika usukani wa gari linaloitika.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni matamanio ya wanaume. Historia haikubaliani nao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na mwaka 1983 Mfaransa mmoja, Michèle Mouton, alimaliza wa tatu, akiwa amewaacha nyuma wanaume wengi. Mwaka 1981 alikuwa amekwisha kuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya magari katika ligi ya dunia, huko San Remo, Italia. Mume anayecheka, kama nilivyocheka mimi, hacheki kwa ujuzi. Hucheka kwa kutojua.

Basi nilianza kusoma upya. Niligundua kwamba gari dogo lenye uhai si jambo la kipuuzi, wala si lazima liwe adui wa matumizi ya nyumbani. Baada ya ghasia za Mfereji wa Suez mwaka 1956 petroli ilipungua Uingereza, na mhandisi Alec Issigonis akabuni gari la Mini, lililotoka mwaka 1959. Urefu wake ulikuwa yapata mita tatu tu. Injini aliilaza kwa upana badala ya urefu, ili nafasi iliyobaki wapewe abiria. Gari lile lilikusudiwa kwenda sokoni na shuleni. Lakini kwa kuwa lilikuwa jepesi, na magurudumu yake yalikaa pembeni kabisa, lilipinda kona kwa wepesi wa ajabu. Lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1976 Wajerumani wakauza Golf GTI, gari la nyumbani lenye milango mipana na nafasi ya mizigo, lakini lenye injini ya nguvu.

Jambo nililojifunza ni hili: uhai wa gari si mbio. Ni wepesi wa mwili, usukani usiodanganya, breki zinazoshika, na injini inayoitika unapohitaji kulipita lori kwa salama. Mbio ni jambo jingine, na kanuni yake haina huruma. Mwendo ukizidi maradufu, umbali ambao gari huuhitaji ili lisimame baada ya breki kukanyagwa huzidi mara nne. Aendaye kilomita 100 kwa saa hana haki ya kutumaini kusimama mahali asimamapo aendaye kilomita 50.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Niliruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Palikuwa na mtu mjini aliyekuwa akiuza gari dogo jekundu, la chini, lenye magurudumu mapana yanayong'aa. Nililiona jioni, jua likilipiga ubavuni, nami nikawa kama mtoto mbele ya duka la peremende. Niliketi ndani, nikaitia moto injini, ikanguruma. Nilijiona kijana tena. Nikamwahidi yule mtu kwamba kesho yake nitaleta shilingi elfu hamsini za kushikia, nikaenda nyumbani kumwita mke wangu aje ashangae.

Alikuja na Zawadi, binti yetu, ambaye alikuwa na miaka minne. Alilizunguka gari mara moja. Alifungua buti; kapu la sokoni halikuingia. Alimketisha mtoto nyuma. Mtoto akasema haoni nje. Aliinama akatazama tumbo la gari, ambalo springi zake zilikuwa zimekatwa ili likae chini. Kisha akanigeukia akauliza kwa sauti ya upole, "Baba Zawadi, hili ni gari langu au lako?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilikasirika, kama wakasirikavyo watu wenye makosa. Siku mbili hatukuzungumza ila kwa habari za chumvi na maji. Siku ya tatu nilimwendea fundi mmoja mzee ninayemheshimu, tukaenda pamoja kulikagua gari lile. Hakuitia moto injini hata mara moja. "Mwalimu," alisema, "gari husomwa kama kitabu." Alinionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi zile zilikuwa na miaka tisa. Alinionyesha skrubu za boneti zilizochubuliwa na spana, na rangi ya mlango mmoja iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Gari lile lilikuwa limegongwa vibaya, likapambwa.

Alinifundisha pia kusoma ukubwa wa tairi. Mpira ulioandikwa 205/40 una upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 82. Ulioandikwa 185/60 una kimo cha milimita 111. Katika barabara ya lami laini, ubavu mfupi hulifanya gari litulie katika kona. Katika barabara yetu ya mashimo, huo ndio unaopasua mpira na kupinda chuma cha gurudumu. Ni hesabu ya darasa la saba, lakini mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwa nimeifanya, kwa kuwa macho yangu yalishibishwa na wekundu.

Nilirudi nyumbani nikamwomba radhi mke wangu. Nikamkabidhi daftari. Safari hii tuliketi pamoja, yeye akiandika, mimi nikijibu nilipoulizwa. Tulijifunza kwamba katika mwaka ule wa 2024 Kenya ilikubali magari makuukuu yenye usukani wa kulia tu, yasiyozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo letu lisingeweza kuwa la kabla ya mwaka 2017. Tulijifunza kwamba katika minada ya Japani kila gari huwa na karatasi ya ukaguzi, lenye kupewa alama kama mwanafunzi: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R ni ishara ya gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Tulijifunza pia kwamba bei ya Japani si bei ya Mombasa, maana ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo peke yake ni asilimia 16, humngoja mnunuzi bandarini.

Tulishuka Mombasa Jumamosi moja pamoja na fundi. Gari alilolichagua mke wangu lilikuwa Honda Fit ya namna iitwayo RS, ya mwaka 2017, yenye injini ya lita moja na nusu na gia sita za mkono. Kwa nje ni gari la mama wa nyumbani, fupi na la heshima. Lakini lina siri mbili. Ya kwanza, tangi la petroli limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vyaweza kulazwa chini kabisa, au makalio yake kuinuliwa juu, pakapata nafasi ya mche wa mwembe uliosimama. Ya pili aliigundua mwenyewe alipoliendesha. Fundi alikaa mbele, mimi nyuma na kapu. Alibadili gia ya pili, ya tatu, ya nne, gari likaitika. Akakanyaga breki, likasimama wima bila kuyumba. Nilimwona usoni katika kioo. Kwa muda wote niliomjua, sikuwa nimeuona uso ule.

Fundi alisoma tairi, skrubu na rangi, akatikisa kichwa kukubali.

Lilibaki jambo moja. Baba yangu mdogo alipopata habari alinipigia simu. "Mwanangu," alisema, "hati uandike jina lako. Gari la nyumba ni la mume." Ninamheshimu mzee huyu, ndiye aliyenilipia karo. Tena sitakuficha, msomaji: maneno yake yalinipendeza kwa usiku mmoja. Nusu ya deni si yangu? Lakini kulipokucha nilimwona mke wangu akifunga viatu vyake vya kazini, na kovu la gotini likaonekana. Nilikumbuka swali lake: langu au lako? Nikampigia simu mzee, nikamshukuru kwa nasaha zake, nikamweleza kwa adabu kwamba aliyeanguka mtaroni ndiye mwenye gari. Hati iliandikwa jina lake. Mzee alinuna miezi miwili. Siku hizi hupelekwa hospitali kwa gari hilo hilo, na hukaa kiti cha mbele.

Jumapili ya kwanza mke wangu alitupeleka Wundanyi. Ukitoka Mwatate, barabara hupanda milima ya Taita kwa kona kali, moja baada ya nyingine, bonde likiwa chini ubavuni. Mimi hushikilia kiti nipitapo huko. Yeye alipunguza mwendo kabla ya kila kona, akateremsha gia, akalipindua gari polepole, kisha akaliacha lipande. Hakwenda mbio hata mara moja. Tulipofika juu, kwenye baridi na migomba, alilisimamisha gari kando ya njia. Zawadi alikuwa amelala. Mke wangu aliniuliza kama niliogopa.

Nilimjibu kweli: niliogopa katika kona mbili za kwanza. Alicheka, naye alikuwa na haki ya kucheka.