Kutoka Unyambwa Kwenda Kuendesha Lori Ng'ambo

Unyambwa iko jirani na mji wa Singida: nchi ya mawe makubwa, alizeti, uwele na kuku wengi uani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Singida kwenda Nzega hata Rusumo, ambako malori huvuka mto Kagera na kuingia Rwanda. Kijana huyaona malori hayo kila aendapo mjini, na moyo wake husafiri nayo. Wengine siku hizi hutamani hata Omani.

Basi, baba mwenye nyumba, mwanao akiaga, usianze kuhesabu ng'ombe. Leseni yake iwe ya daraja E. Pasi mpya ya kusafiria, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Alizeti na majogoo vyaweza kuitoa. Lakini akija dalali mwenye kudai fedha nyingi kwa haraka (nao wapo!), ulizeni habari zake kwanza kwa ofisi ya Serikali ya huduma za ajira. Shamba lisiuzwe kabla mkataba haujasomwa.

Huko Rwanda na Omani magari hushika mkono wa kulia. Dereva wetu aliyezoea kushoto hubadili upande pale Rusumo, shehena ikiwa nyuma yake.

Na uwele wa kumlisha mkewe na watoto mpaka mshahara wa kwanza uwe ghalani kabla hajapanda basi.