Vichochoro vya Shinjuku na Baa za Viti Vinane

Mtu ashukaye katika stesheni ya Shinjuku, mjini Tokyo, wakati wa magharibi hujiona kama punje moja ya mchele iliyomwagwa pamoja na gunia zima. Stesheni ile inahesabiwa kuwa yenye abiria wengi kupita zote duniani. Kabla ya maradhi ya korona ya mwaka 2020 walipita pale zaidi ya watu milioni 3 kwa siku moja, na milango ya kutokea ni mingi hata wenyeji wenyewe huipotea. Nje yake kuna majumba marefu, taa za kila rangi na kelele za matangazo. Lakini mgeni akitoka kwa upande wa mashariki, akaenda kwa miguu kama dakika kumi, hufika penye vichochoro sita vyembamba vilivyo ubavuni mwa hekalu la Hanazono, na hapo mji mkubwa hukoma ghafula.

Mahali hapo huitwa Golden Gai, yaani Mtaa wa Dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe haionekani. Nyumba zake ni za mbao, zenye orofa mbili, nazo zimebanana kama meno. Kati ya safu moja na nyingine pana nafasi ndogo tu, na kwenye njia za kukatizia watu wawili wakikutana sharti mmoja ageuke ubavu ampishe mwenziwe. Katika kieneo hicho mna baa zaidi ya 200. Kila moja ina mlango wake, taa yake, na jina lake lililoandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Chumba kizima chaweza kuwa cha mita 10 za mraba, nacho chatosha watu sita, au wanane, au kumi wakikubali kubanana.

Asili ya baa hizo ni shida. Mwaka 1945 sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na watu waliopoteza kila kitu walianza kuuziana chakula na pombe katika vibanda karibu na stesheni, bila ya kibali. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya utawala wa majeshi ya Marekani na wenzao, na ilipotolewa amri ya kuviondoa vibanda njiani, wachuuzi wengi walihamishiwa mahali hapa, palipokuwa nje kidogo ya shughuli. Kwa miaka kadhaa vyumba vya juu vilitumiwa kwa biashara ya wanawake. Sheria ya kukataza umalaya ilipitishwa mwaka 1956 na kutumika kwa ukamilifu mwaka 1958, na tangu hapo nyumba hizo zikawa baa tupu. Ndiyo sababu ngazi zake ni nyembamba na zenye mwinuko mkali kama za kupandia darini. Mlevi anayezishuka usiku wa manane anahitaji akili kuliko aliyezipanda.

Mgeni afikapo mara ya kwanza hutembea vichochoro vyote bila kuingia popote, kwani milango mingi imefungwa na madirisha ni machache. Hajui ndani mna nani. Mlango mwingine una kibandiko kisemacho kwamba ni wa wanachama tu. Mwingine umeandikwa kwa Kiingereza kuwa wageni wanakaribishwa, na kiingilio cha kiti kimetajwa hapo hapo. Kiingilio hicho, ambacho mara nyingi ni yeni 500 au 1,000 na pengine zaidi, huwaudhi wengi wasioijua desturi. Wanadhani wameibiwa. Lakini yafaa kupiga hesabu: mwenye baa ana viti vinane, na usiku una saa zake, mtu akikaa kwenye kiti kimoja kwa glasi moja tangu saa mbili hadi saa tano, kodi ya nyumba italipwa na nani? Pamoja na kiti hicho mgeni huletewa kisahani cha kitu cha kutafuna, ambacho hakukiagiza wala hapaswi kukirudisha. Bakshishi haidaiwi, na akiiacha mezani yamkini atakimbiliwa njiani arudishiwe fedha zake.

Akiisha kuketi hupewa kitambaa chenye maji ya moto, afute mikono. Mbele yake ni ubao mmoja mrefu, na nyuma ya ubao amesimama mtu mmoja tu, ambaye ndiye mpishi, karani, mfagiaji na mwenye mali. Akiwa ni mwanamume, wateja humwita masta. Akiwa ni mwanamke humwita mama. Neno hilo halikutoka kwetu wala halikuenda kwao kutoka pwani hii, lakini Mswahili akilisikia likitamkwa kwa heshima ile ile, katika chumba kile kidogo upande wa pili wa dunia, hana budi kutabasamu.

Vileo vya kuchanganya, ambavyo Wazungu huviita kokteli, vilifika Japani zamani kwa njia ya hoteli za bandarini. Wenyeji walipoupokea ufundi huo waliufanya kuwa wao kabisa. Wiski nayo walijifunza kuitengeneza: kijana Taketsuru Masataka alikwenda Scotland mwaka 1918 kuisomea, na mwaka 1923 Torii Shinjiro alianza kujenga kiwanda cha kwanza cha wiski ya kimea huko Yamazaki. Baada ya vita, katika miaka ya 1950, baa za bei nafuu zilienea mijini, na makarani waliotoka kazini wakazoea kunywa wiski iliyotiwa maji ya soda. Kinywaji hicho ndicho kinachoagizwa mpaka sasa katika vichochoro vya Shinjuku, pamoja na kile cha shochu, ndimu na soda.

Mtu aweza kudhani kwamba wiski na soda havina ufundi. Basi na amtazame masta mzuri akifanya kazi. Kwanza hujaza glasi barafu ngumu iliyokatwa kwa kisu, isiyo na povu ndani yake, ambayo huyeyuka polepole. Huikoroga barafu tupu mpaka glasi ipate baridi, kisha humwaga maji yaliyotoka. Ndipo atie wiski, akoroge tena, na mwisho amimine soda kwa pembeni, akijihadhari isiigonge barafu, ili mapovu yasipotee. Hukoroga mara moja tu, polepole, kijiko kikipita chini hadi juu. Muda wote huo hasemi neno, na wateja nao hunyamaza, kana kwamba mtu anahesabu fedha.

Nyuma yake rafu zimejaa chupa zenye majina shingoni. Ni desturi mteja kununua chupa nzima na kuiacha pale pale. Kila ajapo hutolewa ile yake, na hulipa kiti na barafu tu. Hivyo mwenye chupa ana sababu ya kurudi, na mwenye baa anajua watu wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu hao walikuwa hasa waandishi wa vitabu, waigizaji, wapiga picha na watengenezaji wa sinema, waliogombana mpaka alfajiri juu ya siasa na sanaa. Iko baa moja iitwayo La Jetée, iliyopewa jina la sinema ya mwaka 1962 ya Mfaransa Chris Marker. Mjerumani Wim Wenders alipomkuta Marker humo na kumpiga picha kwa ajili ya sinema yake iliyotoka mwaka 1985, Marker hakukubali kuonyesha uso wake wote.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 ndipo Golden Gai ilipokaribia kufa. Bei ya ardhi ya Tokyo ilipanda kupita kiasi, na matajiri wa majengo walitaka kuvibomoa vichochoro wapate kusimamisha jumba refu. Wengine waliuza wakaondoka, na vyumba vyao vikapigwa mbao. Wengine walikataa. Kukazuka mioto ya usiku, na watu walisadiki kwamba ilikuwa ya kutiwa kwa makusudi na wahuni waliolipwa kuwatisha wenye nyumba. Katika mtaa wa mbao, moto wa nyumba moja ni moto wa wote. Kwa hiyo wenye baa na wateja wao walipanga zamu, wakakesha vichochoroni wakilinda. Bei ya ardhi ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 matajiri walipoteza hamu, na mtaa ukabaki. Hata hivyo hofu ya moto haikuisha: mwezi wa Aprili 2016 moto ulizuka tena ukaunguza baa kadhaa.

Sasa iko hatari nyingine, nayo haina kiberiti mkononi. Watalii wameusikia mtaa huu, nao huja kwa makundi na kamera zao, ingawa vibandiko vinakataza kupiga picha bila ya ruhusa. Katika janga la korona, Serikali ilipoziomba baa zifunge mapema na hata zisiuze pombe kwa muda mwaka 2021, chumba cha viti vinane hakikuwa na namna ya kuwatenga watu. Na mpaka watalii wa kawaida waliporuhusiwa tena kuingia nchini mwezi wa Oktoba 2022, wengi waliishi kwa wateja wa zamani. Wateja hao ni wazee. Wakija siku hizi wakakuta vijana wanne wa kigeni wameshika nusu ya baa kwa glasi moja moja, hugeuka wakaenda zao kimya kimya. Mwenye baa hawezi kuwafukuza wageni, kwani fedha zao ndizo zilipazo kodi. Wala hawezi kuwasahau wale waliokesha wakilinda mlango wake. Baa yenye kibandiko cha wanachama tu isihukumiwe kwa haraka.

Karibu na saa sita ya usiku watu huanza kutazama saa zao, kwa sababu treni za mwisho huondoka wakati huo au baada yake kidogo. Wachache watakaoendesha gari wamekunywa chai baridi tangu jioni. Sheria iliyotiwa nguvu mwaka 2007 humwadhibu hata yule aliyempa dereva pombe. Mgeni hulipa, huteremka ngazi kwa mikono miwili, na afikapo chini husikia nyayo nyuma yake. Ni mama mwenye baa, ameuacha ubao wake ili amsindikize mpaka mlangoni. Humwinamia, husimama pale kichochoroni mpaka mgeni apinde kona, kisha hupanda tena kuifunga chupa na kuirudisha rafuni mahali pake.